Kona Ambayo Mzee Barasa Alikataa Kuipaka

Ninyi mnaotoka chuo cha ufundi juzi juzi, kitu cha kwanza mnachofanya mkifika kwenye mjengo ni kufungua mkebe wa rangi. Hebu ufunikeni kwanza. Chukua brashi, igeuze, gonga ukuta kwa mpini wake, polepole, kama mtu anayebisha mlango wa mgonjwa. Plasta iliyoshika vizuri hujibu kwa sauti fupi. Iliyoachana na jiwe hulia kama debe. Ukipaka juu ya debe, mvua ya Aprili itakuita urudi, na utarudi bure.

Mimi ni Nyaboke. Nilianza kwa kubeba maji ya kuchanganyia chokaa nikiwa msichana, nikaacha kazi magoti yaliponikatalia ngazi. Katikati hapo nimepaka shule, makanisa, vyoo vya soko, na nyumba mpya za Lanet ambazo wenyewe wanataka kuhamia kabla rangi haijakauka. Lakini ninayojivunia kuliko zote ni hoteli moja ya zamani mjini Nakuru, si mbali na stesheni ya reli, pale barabara mbili zinapokutana. Jina lake rasmi wachache wanalikumbuka. Watu wote huiita Kona, na ukimwambia mtu wa boda boda akupeleke Kona, hakuulizi kona gani.

Iangalieni vizuri mkipita. Nyumba nyingi zilizo kwenye makutano zina pembe kali kama sanduku. Hii haina. Ukuta unatoka barabara moja, unapinda taratibu kama ubavu wa mtungi, unaingia barabara ya pili. Kila jiwe la pale limechongwa likiwa na tumbo kidogo kwa nje, na hakuna mawili yanayofanana kabisa. Chini kuna mlango mkuu, juu yake kuna madirisha marefu yanayofuata huo mviringo, na juu zaidi kuna ukuta mfupi wa ngazi ngazi unaoficha mabati ili mtu aliye barabarani asiyaone. Pembeni kuna veranda yenye nguzo za mtarakwa, imefunika njia ya watu wa miguu yote. Mvua ikinyesha, nusu ya mji inasimama pale bila kununua hata chai, na hakuna aliyewahi kufukuzwa.

Kuna msanifu mmoja, msichana mdogo tu, aliyetumwa kuipima hoteli hii wakati majengo ya zamani yalipokuwa yakichunguzwa ili yalindwe. Alinionyesha jambo ambalo nilikuwa nimelipita miaka yote nikiwa na brashi mkononi. Alinisimamisha upande wa stesheni, akaniambia, "Mama, tembea pole pole ukiangalia mlango." Nikatembea. Mlango haukunipotea hata mara moja. Mviringo ule umewekwa ili mtu akishuka kwenye treni na sanduku lake auone mlango kutoka mbali, na akija kutoka barabara ya pili auone vilevile. Nilicheka peke yangu. Nilikuwa nimeujua ukuta ule kwa vidole, yule msichana akanipa macho yake.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Barasa. Alizaliwa hapa hapa Nakuru, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na alivaa kofia aliyojikunjia mwenyewe kutokana na mfuko wa simiti. Wiki yangu ya kwanza alinipa ukuta wa nyuma wa Kona, wa jikoni, ambako hata nikiharibu watakaoona ni kuku. Sasa, chokaa ya ukutani hupakwa nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Ikiwa mbichi haionekani kitu. Unapaka, ukuta unabaki vilevile, unadhani umeuosha tu. Mimi nilikosa subira. Nikazidisha chokaa kwenye ndoo mpaka ikawa nzito kama uji, nikapaka, ukuta ukang'aa papo hapo, nikajiona fundi. Jumatatu tuliporudi ilikuwa imekauka na kubanduka vipande vipana. Mzee aliokota kimoja, akakitazama upande huu na upande ule.

"Chapati imeiva vizuri," akasema. "Sasa tafuta maharagwe."

Nilikwangua ukuta ule wote. Baadaye ndipo alinifundisha: lowesha ukuta kwanza, paka nyembamba, uache ulale, kesho rudia. Chokaa hujigeuza nyeupe yenyewe usiku ukiwa umeenda nyumbani. Tia chumvi kidogo na mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa ili isitoke kwenye nguo za watu. Na jiwe la zamani lazima lipumue. Ukilifunga kwa rangi ya mafuta, maji yaliyo ndani yanatafuta pa kutokea, na yakipata, yanatoka na plasta yako.

Siku moja nilipokuwa nikieleza haya kwa vijana, mmoja aliniuliza, "Lakini mathe, si hiyo ni nyumba ya mkoloni? Kwa nini tuitunze?"

Ni swali zuri na sikumkasirikia. Mzee Barasa aliulizwa hivyo hivyo mbele yangu, akajibu, "Mzungu alichora kwenye karatasi. Karatasi iko wapi?" Halafu akagonga jiwe. "Hii iko hapa." Baba yake alikuwa fundi wa mawe. Kuta zilizonyooka zilijengwa na watu wengi, lakini kona ilipewa mafundi wawili peke yao, na mmoja wao alikuwa huyo baba yake. Walikata mbao nyembamba kufuata mviringo, na kila jiwe likipandishwa wanaliegemezea ile mbao. Lisipolala sawa, linashuka, linachongwa tena. Barasa alikuwa akiletewa hadithi hiyo na baba yake kama watoto wengine wanavyoletewa peremende. Majina ya wale mafundi hayakuandikwa popote kwenye jengo.

Sasa niwaeleze jinsi ilivyobaki kidogo tuipoteze.

Ilikuwa miaka michache tu iliyopita, mji wetu ulipokuwa umetoka kuitwa jiji na kila mwenye nyumba akitaka nyumba yake ionekane ya kijiji, samahani, ya jiji. Mnaona, hata ulimi wangu haujazoea. Mwenye Kona alikuwa Mama Tabitha, mjane, mama aliyekwisha kuzeeka na ambaye macho yake yalikuwa yameanza kumwacha. Mwanawe Njoroge ndiye aliyeiendesha hoteli. Msidhani Njoroge alikuwa mtu mbaya. Mabati yalikuwa yamechoka, na kila mvua kubwa iliponyesha alipanda juu mwenyewe kusogeza vitanda vya wageni visilowe.

Ndipo ikaja kampuni moja ya mafuta ya kupikia. Walitaka hoteli yote ipakwe rangi yao, manjano kali, na pale kwenye kona lichorwe tangazo lao kubwa. Rangi wangeleta wao, na kona ikikamilika wangebadilisha mabati yote. Njoroge alikubali. Mama yake hakuwepo. Alikuwa Naivasha, mtaa wa Kihoto, kwa binti yake ambaye maji ya ziwa yalikuwa yamefurika nyumbani kwake mpaka sebuleni, wakihamisha vitu.

Tuliitwa sisi. Mzee Barasa alikuwa bado ndiye mkuu wetu, ingawa alipanda jukwaa pole pole sasa, akipumzika katikati kama anayeangalia mandhari. Alimwambia Njoroge wazi kwamba rangi ya mafuta juu ya chokaa haitakaa. Njoroge akasema, "Mzee, ikae mpaka nipate mabati. Hiyo tu." Basi tukapaka. Upande wa stesheni ukawa manjano. Upande wa pili ukawa manjano. Tulipofika kwenye mviringo, Mzee alishuka, akaanza kufuta brashi zake kwa tapentaini, moja moja.

Njoroge akatoka. "Mzee, mbona mmeshuka?"

"Tumemaliza."

"Na kona?"

"Kona imebaki."

"Naiona imebaki. Ndiyo nauliza."

Mzee akakung'uta brashi ya mwisho. "Boss, hizo kuta mbili umenituma nikapaka, nyumba ni yenu. Lakini hapa ni mkono wa baba yangu. Siwezi kuufanya tangazo la mafuta ya kukaangia samaki."

"Kazi ni kazi, Mzee."

"Ndiyo. Na hii si yangu."

Akachukua kofia yake ya simiti, akaondoka kwa miguu. Hakupaza sauti. Njoroge akanigeukia.

"Mama Nyaboke, utamalizia wewe. Na vyumba vya ndani, kazi ya mwaka mzima, itakuwa yako na watu wako."

Jamani, nisiwadanganye kwamba niliruka kukataa. Nyuma yangu walikuwa wamesimama watu ninaofanya nao kazi, na kila mmoja alikuwa ameisikia ile habari ya mwaka mzima. Mmoja alikohoa nyuma ya mgongo wangu. Mbele yangu kulikuwa na nyumba niliyofundishiwa kazi. Nikamuuliza Njoroge, "Mama anarudi lini?"

"Jumamosi."

"Basi nipe mpaka Jumamosi. Akisema nipake, nitapaka mimi mwenyewe, na Mzee atajua la kunifanya."

"Kampuni wanakuja Ijumaa kupiga picha!"

"Wapige upande wa stesheni. Umetoka vizuri."

Alinitazama kwa hasira mpaka nikaangalia viatu vyangu. Angeweza kuita fundi mwingine siku ile ile. Mjini hapa mafundi hawakosekani. Hakuita. Mpaka leo sijui kwa nini, na nimemwachia mwenyewe sababu yake.

Siku zile hoteli ilikuwa kichekesho. Manjano huku, manjano kule, katikati mviringo mweupe. Kijana mmoja wa boda boda alisimama akaniita, "Niaje mathe, mmeishiwa na rangi ama? Hii nyumba inakaa kama mtu anacheka!" Ijumaa watu wa kampuni wakaja, wakapiga picha zao bila furaha, wakasema kwa upole kwamba mabati yatakuja kona ikikamilika. Jioni mvua ikanyesha. Nilikuwa nimejikinga pale veranda, nikamwona Njoroge kupitia dirishani akipanda ngazi na mabeseni ya kukingia maji.

Jumamosi gari lilikuja kwa upande wa stesheni, likiendeshwa na mjukuu. Likasimama kando ya ukuta wa manjano. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno.

"Mbona umesimama hapa?" Mama Tabitha akauliza.

"Cucu, tumefika."

"Tumefika wapi? Hapa si stesheni ya petroli?"

Mama Tabitha akafungua mlango, akashuka na fimbo yake. Akatazama juu, akatazama kando, uso umekunjamana kama mtu aliyeamshwa katika nyumba ya wageni. Nilitaka kumshika mkono lakini akaanza kutembea, kiganja kikipapasa ukuta. Alipapasa ile manjano inayoteleza kwa hatua kadhaa, mpaka kiganja kikafika pale ukuta unapoanza kupinda na chokaa inapoanza kukwaruza. Akasimama.

"Kumbe uko hapa," akauambia ukuta.

Njoroge alikuwa ametokea mlangoni. "Mama, ni mimi nimeagiza. Mabati, Mama, unajua yalivyo..."

"Sikuulizi kuhusu manjano. Naiona, hata mimi kipofu naiona. Nauliza nani ameacha hapa?"

"Mzee Barasa," nikasema. "Alikataa. Ameenda kwake."

"Mwiteni."

Tulipokuwa tukimngoja, aliketi kwenye kiti cha mlinzi, pale pale nje, akaanza kuzungumza, akimwelekea mwanawe lakini sote tukisikia. Alisema kwamba akiwa msichana alikuwa akitumwa na mama yake kuleta mayai hapa, kutoka shamba la mlowezi kule Bahati walikokuwa wakiishi na kufanya kazi. Alipita uchochoro wa nyuma. Mayai yalipokewa jikoni kupitia dirisha dogo. Mwafrika hakuruhusiwa kukanyaga mlango wa kona, labda awe amebeba sanduku la mtu. Kwa miaka hiyo yote hakujua ndani mna nini. Alisikia piano tu. Uhuru ulipokuja, na baadaye mzungu mwenye hoteli alipoiuza, mumewe aliyekuwa akisafirisha viazi kwa lori alijikusanya na ndugu zake wakainunua.

"Siku ya kukabidhiwa funguo," akasema, "baba yako aliniambia niingie kwanza. Nilikuwa nimeazima viatu. Nilisimama hapa hapa, mkono kwenye jiwe hili, nikashindwa kuinua mguu, mpaka akadhani nimeshikwa na ugonjwa. Halafu nikaingia."

Njoroge aliinamisha kichwa. "Mama, hukuwahi kuniambia."

"Umewahi kuniona nikitumia mlango mwingine?"

Lori likapita, likapiga honi, likaenda zake.

"Mabati tutayapata," akasema. "Tutayapata polepole. Lakini hapa ukiwapa, Njoroge, mimi nitaingilia wapi?"

Njoroge alipiga simu mwenyewe. Watu wa kampuni hawakugombana naye. Walikuja wakachukua mikebe iliyosalia, wakapata ukuta mwingine mbele kidogo. Msimu ule wote wa mvua hoteli iliishi na mabeseni, na kuna wageni walioondoka wakinung'unika. Lakini Njoroge alipanda juu ya paa na sisi, suruali imekunjwa, akajifunza kuziba matundu kwa lami na vipande vya turubai, na sehemu kwa sehemu mabati yakabadilishwa.

Kuhusu ile manjano, sikilizeni, maana siku moja mtaihitaji. Changanya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, na unga wa bei rahisi na maji mpaka iwe kama ugali laini. Vaa glavu na miwani. Ukipuuza hili hutapuuza tena. Bandika juu ya rangi, funika kwa nailoni, acha. Ukibandua, rangi inalegea kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Kwangua kwa skrepa butu, maana yenye makali inakula jiwe. Osha kwa maji yenye siki, halafu maji matupu, halafu uache ukuta ukauke kabisa ndipo uanze chokaa. Kama Mzee alivyosema, rangi haikuwa imeshika vizuri, na sehemu nyingine ilitoka kama shuka zima. Kila ilipotoka hivyo alinitazama, na mimi nilijifanya sioni.

Tulipaka chokaa kuta zote, siku baada ya siku, nyembamba, kwenye ukuta uliolowa. Asubuhi baada ya mkono wa mwisho wa chokaa, jua lilipotokea upande wa Menengai, Kona ilikuwa nyeupe yote, mviringo hauonyeshi umeanzia wapi. Wauza magazeti walisimama. Yule kijana wa boda boda alizima injini. Watu wangu, wale niliokuwa nimewanyima mwaka mzima wa kazi, walikuwa wakijipiga picha mbele yake. Na ile kazi ya vyumba vya ndani, Njoroge alikuja kutupa baadaye, bila mtu kumkumbusha.

Mama Tabitha akasema tupande juu tunywe chai. Mzee Barasa alikusanya vifaa vyake, akaelekea uchochoroni. Hapo ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona akitumia mlango mwingine ila wa nyuma. Nilidhani siku zote ni kwa sababu ya viatu vyenye rangi.

"Barasa!" Mama Tabitha aliita kutoka kwenye kona. "Unaenda wapi?"

"Nanawa, Mama. Nakuja na nyuma."

"Nyuma kumefungwa."

Hakukuwa kumefungwa. Nilikuwa nimetoka huko sasa hivi. Mzee alinitazama, nikatazama barabara. Akasimama kidogo. Akapangusa viatu vyake, kimoja kwenye shavu la mguu mwingine, akavua ile kofia ya simiti, akaikunja vizuri akaitia mfukoni. Akainua uso kuyatazama mawe yaliyo juu ya mlango, akaingia.

Tuliketi kwenye kile chumba cha juu cha mviringo. Yeye alipewa meza ya katikati, pale unapoona barabara zote mbili kwa pamoja. Njoroge alitumiminia chai mwenyewe. Mzee alipapasa ukuta ulio kando ya dirisha, upande wa ndani, ule ambao baba yake aliujenga.

"Hapa ndipo wale wazungu walikuwa wanakaa?" akauliza.

"Hapa hapa," Mama Tabitha akajibu.

Akanywa kidogo. Akafikiri.

"Na chai yao ilikuwa nyepesi hivi?"

Mama Tabitha alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. "Njoroge," akasema akijifuta macho, "nenda uongeze majani." Njoroge akachukua birika akashuka jikoni, na Mzee Barasa akavuta kiti chake karibu zaidi na dirisha.